Baiskeli ya mzee sio chuma chakavu, tatizo ni nyundo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua mna barua nyingi za siasa na mpira lakini hii ya kwangu ni ya baiskeli na msiitupe, maana huku Ifakara mtu asiye na baiskeli ni kama hana miguu.

Wiki iliyopita alipita kijana wa vyuma chakavu hapa mtaani kwetu Lumemo na mzani wake wa kuning'iniza, akasema shikamoo mzee, nikaitikia, ila macho yake tayari yalikuwa kwenye baiskeli ya marehemu baba iliyoegemea mwembe. Ni Raleigh hiyo ya Mwingereza, tairi 28, nyeusi, ya breki za vyuma, mzee aliinunua mwaka 1976 baada ya kuuza mpunga na mpaka leo mi ndo naendea shamba. Kijana akaniuliza, mzee hii nikuchukulie kwa kilo? Nikamwambia mwanangu hicho ni chombo cha usafiri. Akacheka, akaomba aipime tu ajue, akaining'iniza palepale kwenye tawi, kilo 20 na ushee, akanitajia hela ambayo haifiki hata bei ya tairi moja. Nikampa maji ya kunywa akaenda zake, lakini lile swali lake likanikaa.

Likanikaa zaidi kwa sababu mwezi uliopita kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye ukurasa huuhuu kwamba baiskeli za zamani zitolewe barabarani, hazina breki, zinayumba, zinapiga kelele, watu wanunue za kisasa za gia. Ndugu yangu sikubishii ulichokiona, umeziona zinayumba na umezisikia kweli. Ila kinachoyumba pale sio uzee, ni koni, ile nati ya kwenye ekseli inayobana goroli, imelegea na goroli mbili hazipo, kazi ya jioni moja na grisi ya buku. Hizi baiskeli hazifi kwa umri, zinauawa, na mara nyingi anayeziua ni mwenye nayo mwenyewe akisaidiwa na nyundo ya fundi.

Nianze na hiyo nyundo maana ndo inayoniuma. Mkono wa padeli kwenye baiskeli hizi umeshikwa na kotapini, kile kipini cha chuma chenye ubavu mmoja uliochongwa bapa na nati ndogo mwishoni. Ikilegea utaijua tu, kila ukizungusha kuna mahali mguu unashuka kidogo halafu ndo unakamata, tk, tk, tk mpaka ufike nyumbani. Sasa mtu anapeleka kwa fundi, fundi anaigonga kotapini huku baiskeli imesimama hivohivo mkono uko hewani, kwa hiyo nguvu yote ya nyundo inaishia kwenye goroli za katikati, goroli zinachimba vishimo kwenye vikombe vyake, yale mabakuli ya chuma zinamozunguka, na baada ya mwezi unasikia kama kuna mchanga unasagwa humo ndani. Unarudi unaambiwa mzee baiskeli yako imechoka. Imechoka wapi wakati umeipiga wewe.

Dawa yake ni kipande cha bomba la maji. Mi ninacho kimoja nilikikata kwa msumeno, urefu wake ni toka sakafuni mpaka chini ya mkono wa padeli, nakisimamisha wima, mkono unakalia mdomo wa bomba na kotapini inaingia kwenye tundu la bomba, hapo hata ugonge vipi nguvu inashuka sakafuni na goroli haziguswi. Ukitaka kuitoa legeza nati mpaka iwe sawasawa na ncha ya kotapini, usiitoe yote maana ndo inayolinda thredi, halafu piga pigo moja zito kwa nyundo kubwa. Sio vipigo ishirini vya kinyundo cha misumari, hivyo vidogovidogo ndo vinafanya ncha ichanue kama uyoga na hapo tena haitoki, utaitoa kwa kuitoboa na drili. Wakati wa kurudisha ni hivohivo na bomba lako chini, igonge ikae, ndo ukaze nati. Wengi wanafikiri nati ndo inavuta kotapini iingie, hapana, nati inaizuia tu isitoke, ukiilazimisha ivute thredi zinakatika mkononi unaziona. Endesha siku mbili tatu halafu gonga tena kidogo na ukaze. Na zipishane kichwa na mkia, yani padeli zikiwa zimelala sawa, nati ya upande mmoja ikitazama juu ya upande wa pili itazame chini, la sivyo padeli zako hazitakaa kwenye mstari mmoja na utakuwa unaendesha kama mtu anayechechemea.

Halafu kuna kotapini za milimita 9 na za milimita 9 na nusu. Raleigh yangu inakula ya 9 na nusu. Dukani wanazo kwenye kopo moja zote zimechanganywa, unapewa yoyote, ukifika nyumbani inapwaya unaanza kuweka kipande cha kopo la bia pembeni. Nendeni na ile ya zamani mfukoni mlinganishe.

Nyundo ya pili ilikuwa ni bomba refu, na hii ilinitokea mimi mwenyewe. Mwaka 2011 padeli ya kushoto ilikatika ekseli nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji, amejifia na Mungu amrehemu. Akaweka spana akavuta kama unavyofungua nati yoyote. Haitoki. Akaleta mwenzake, haitoki. Wakachomeka bomba kwenye spana urefu kama mita moja, wakavuta wote wawili mpaka kitu kikalia kraa, ikatoka kweli na thredi zote za mkono zikatoka nayo zimezunguka kwenye padeli kama tambi. Kumbe walikuwa wanaikaza! Padeli ya kushoto inafunguliwa kinyume, thredi zake zimegeuzwa makusudi ili mtu akikanyaga isijifungue njiani. Ukikaa mbele yake na spana, ya kulia inafunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa kama kawaida, ya kushoto kwa kufuata saa. Njia rahisi ya kukumbuka ambayo nawafundisha wajukuu ni hii, spana ikae juu, halafu padeli zote mbili unazifungua kwa kusukuma kuelekea nyuma ya baiskeli na unazikaza kwa kuelekea mbele. Basi. Na zipakwe grisi kwenye thredi kabla hujazirudisha, miaka mitano ijayo utajishukuru. Mkono ule sikuupata Ifakara nzima nikaagiza Morogoro, ukaletwa na kondakta wa basi.

Tukitoka kwenye nyundo tuje kwenye oili chafu. Aisee huu ni ugonjwa wa nchi nzima. Mtu anapita gereji anaomba oili iliyomwagwa kwenye pikipiki, nyeusi tii, anakuja anaimimina kwenye mnyororo mpaka inachuruzika kwenye suruali. Ile oili imeshafanya kazi yake, imejaa masizi na vumbi la chuma lililosagika kwenye injini, ukiiweka kwenye mnyororo umeweka msasa wa maji. Halafu huku kwetu kiangazi vumbi ni jekundu na jembamba kama unga wa sembe, linanata pale, baada ya siku tatu mnyororo umekuwa na uji mweusi unaosaga meno ya gia mbele na nyuma. Mafuta ya kula nayo sio, siku mbili tu yanaganda kama gundi.

Mi nafanya hivi. Mnyororo nautoa, pale kwenye kiungo chenye klipu, naloweka kwenye kopo la mafuta ya taa usiku mzima, asubuhi nausugua na mswaki mbovu, nauning'iniza mpaka ukauke kabisa. Nikiurudisha naweka oili mpya ile ya injini tone mojamoja kwenye kila kigoroli cha mnyororo, nazungusha padeli nyumanyuma, naacha dakika kumi, kisha nafuta kwa tambara nje yote mpaka ukiushika vidole havichafuki. Watu wananicheka, mzee umeweka mafuta halafu unayafuta? Ndio, mafuta yanatakiwa ndani ya viungo, ya nje kazi yake ni kukamata vumbi tu. Hiyo klipu nayo ina adabu yake, mdomo wake ulio wazi uangalie nyuma ya mwendo, ile sehemu iliyofungwa ndo itangulie mbele, ukigeuza siku ikikwaruza kitu inachomoka na mnyororo unaulaza barabarani.

Na kujua kama mnyororo umekwisha hauhitaji fundi. Chukua futi ya chuma ya seremala, kila kiungo toka pini mpaka pini ni nusu inchi, kwa hiyo hesabu viungo 24, mnyororo mpya unasoma inchi 12 kamili. Ukikuta umepita kama milimita moja na nusu, badilisha mnyororo peke yake mapema. Ukiuacha uvutike zaidi ya hapo utakula na meno ya friwili, ile gia ya nyuma, na ya gia kubwa ya mbele, na hapo ndo mnyororo mpya ukiuweka unaruka, mtu anarudi dukani anagombana kwamba kauziwa feki. Sio feki, meno yameshakuwa kama ndoano. Mnyororo usikazwe kama uzi wa gitaa pia, ukiushika katikati ucheze juu na chini kama nusu inchi hivi, na upime huku unazungusha padeli maana gia kubwa ya mbele mara nyingi sio duara kamili, kuna mahali unakaza na mahali unalegea, wewe fuata pale panapokaza.

Friwili usiitie grisi. Ikianza kuteleza, yani unakanyaga inazunguka bure, tisa kwa kumi ni vile vikucha vya ndani vimegandiana na uchafu. Ilaze tairi ubavu, mimina mafuta ya taa kwenye ule mwanya wa friwili huku unaizungusha, acha yachuruzike upande wa pili mpaka yatoke meupe, kausha, halafu matone machache ya mafuta ya cherehani. Utasikia inaanza kulia tik tik tik safi kama saa ya ukutani.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu aliyesema zinayumba. Gurudumu la mbele la Raleigh yangu lina goroli 10 kila upande zile ndogo, la nyuma goroli 9 kila upande za robo inchi, na katikati kwenye padeli ni 11 kila upande za robo inchi pia. Nimezihesabu kwa mkono wangu mara nyingi kuliko nilivyohesabu kuku wangu. Ukifungua tandika kanga ya zamani chini, maana zitaanguka na moja lazima itaenda uvunguni. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, tazama koni na kikombe kwenye mwanga, kama njia ya goroli inang'aa laini pakaza grisi mpya na urudishe, kama kuna vishimo badilisha koni. Goroli badilisha zote kwa pamoja. Usichanganye mpya na za zamani, zile za zamani zimepungua kidogo kwa hiyo mpya mbili ndo zinabeba mzigo wote peke yao na zinapasuka. Na usijaze mpaka zibanane, lazima kabaki kanafasi, ukiona umeingiza ya kumi kwenye kikombe cha tisa utafurahi siku moja tu.

Kukaza koni ndo panapotaka subira. Ukikaza sana gurudumu linakuwa zito, ukilegeza linacheza. Kaza koni kwa vidole mpaka mwisho, rudisha kidogo sana, funga nati ya nje, jaribu, halafu utarudia mara tatu au nne maana ile nati ya nje ukiikaza inabadilisha tena. Kipimo changu ni cha marehemu mzee, nyanyua gurudumu juu, liache lizunguke lenyewe polepole, uzito wa valvu peke yake utalivuta mpaka valvu ikae chini kabisa, halafu shika rimu pembeni uitikise, usisikie mchezo. Yote mawili yakikubali, umemaliza. Kama valvu inagoma kushuka basi umekaza, rudi.

Raleigh za zamani kwenye habu, ule moyo wa gurudumu, na pale katikati kwenye padeli zina kitundu chenye kifuniko kidogo cha chuma, hicho ni cha kudondoshea oili bila kufungua chochote. Nimeona baiskeli za watu miaka na miaka kitundu kimezibwa na matope na mwenyewe hajui kipo! Kizibue kwa sindano, matone kadhaa kila mwisho wa mwezi. Masika tukishavuka maji ya shambani mpaka habu inazama, hiyo sio ya matone tena, fungua wiki hiyohiyo, maji yakikaa humo ndani wiki tatu ukifungua unakuta kahawa. Na mkome kupeleka baiskeli kwenye mashine za presha za kuoshea bodaboda, zile zinasukuma maji mpaka ndani ya goroli. Ndoo na tambara vinatosha.

Breki. Hapa ndo wengi tunaumia na hapa mwenzangu nakupa haki yako nusu. Breki hizi za vyuma raba zake zinabana rimu kwa ndani, upande unaotazama habu, zinavutwa kwenda nje kuelekea tairi. Kwa hiyo rimu ikipinda kushoto kulia kidogo sio kesi sana, ila ikiruka juu na chini, yani imepoteza uduara, breki inashika hapa inaachia pale, unasikia gu gu gu. Mtu anakaza vyuma vya breki wiki nzima wakati ugonjwa uko kwenye spoku. Nyoosha rimu kwanza, ndo urudi kwenye breki, uache mwanya wa kama milimita 3 kati ya raba na rimu. Halafu nunua raba. Wale wanaokata kandambili wakachomeka pale mnajijua, inashika vizuri mpaka ile siku unateremka na abiria nyuma. Kwenye mvua rimu ya chuma ina utelezi wa maji, mizunguko ya kwanza raba inafuta maji tu, kwa hiyo shika mapema na ushike zote mbili. Hilo sifichi, mvua ikinyesha baiskeli mpya yenye breki za kisasa inanishinda.

Spoku nazo. Gurudumu la mbele lina 32, la nyuma lina 40, na waliofanya hivyo hawakukosea hesabu, mzigo wote uko nyuma. Ila hata 40 haziwezi kubeba lumbesa. Gunia limejazwa mpaka limeshonewa kilemba juu, unalilaza kwenye keria, halafu unashuka kwenye shimo, unasikia ting, moja imekatika. Tukiacha moja, jirani zake wanabeba zaidi nao wanakatika, mwisho wa msimu unakuta ziko 33 na rimu imekuwa nane. Kubadilisha spoku moja siku hiyohiyo ni hela ya vitumbua.

Kunyoosha rimu nyumbani inawezekana, nimejifunza nikiwa na miaka 50 kwa hiyo hata wewe utaweza. Pindua baiskeli ikae kwa usukani na kiti, funga kipande cha waya kwenye uma kiguse rimu kwa karibu, zungusha uone inagusa wapi. Ikigusa kushoto, legeza spoku za kushoto za pale na kaza za kulia, robo mzunguko tu kwa mara moja, zungusha tena uangalie. Ukitazama kutokea upande wa tairi kuelekea katikati, kukaza ni kufuata saa. Ikiruka juu, kaza za pande zote mbili pale palipoinuka. Wanaoharibu ni wale wanaokaza mzunguko mzima wakiwa na hasira. Ukimaliza zikwangue kwa ukucha mojamoja, za upande mmoja zilie sauti zinazofanana, inayolia mbu, yani haina sauti, imelegea, inayolia kali sana itakatika kesho.

Kuhusu pancha sitawachosha, kila mtu anajua kuziba, isipokuwa mambo mawili. Solusheni ukishapaka subiri ikauke mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole hainati sana, ndo uweke kiraka, watu wanabandika ingali mbichi halafu wanalaumu kiraka. La pili, nusu ya pancha za baiskeli hizi sio pancha, ni kile kimpira chembamba kinachovikwa kwenye valvu, kinapasuka kwa jua na umri. Kabla hujatoa tairi jaza upepo, paka mate kwenye mdomo wa valvu, ukiona povu linachipuka nunua kimpira tu, umeokoa saa nzima na kucha zako.

Sasa Mhariri nije kwa wenye maduka ya spea maana na wao wanasoma gazeti. Tairi zinazoandikwa 28 ziko za aina mbili na haziingiliani. Ya kwetu hizi za breki za vyuma imeandikwa 28 x 1½ na pembeni kwa maandishi madogo kuna namba 635. Nyingine nayo imeandikwa 28 lakini namba yake ndogo ni 622, hiyo ni ya rimu ndogo zaidi kwa milimita 13, hata uite wanaume wa ukoo mzima haipandi kwenye rimu ya Raleigh wala ya Phoenix za breki za vyuma. Mwaka jana niliuziwa hiyo, nikahangaika nayo Jumapili nzima na bisibisi mbili, nimetoboa tyubu mbili, jioni mjukuu wangu wa darasa la sita akasoma namba akaniambia babu hii sio yenyewe. Nilirudi dukani muuzaji akaniambia 28 ni 28. Jamani someni hiyo namba ndogo kabla hamjachukua hela ya mtu.

Na ninyi wahariri, kila tarehe 3 Juni mnatuwekea picha za Siku ya Baiskeli Duniani, ile iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, viongozi wamevaa fulana mpya kwenye baiskeli mpya. Ni vizuri, ila mwakani mtume mtu mmoja aje huku au aende Shinyanga akae kutwa nzima chini ya mti na fundi anayejua kazi, apige picha mikono yake na sio fulana. Wapo wanaojua. Nimewasema mafundi hapo juu lakini kuna mmoja hapa sokoni nikimpelekea gurudumu haligusi mpaka alisikilize kwanza.

Mwisho nina ombi la kwangu binafsi. Raleigh za zamani zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, vikombe vya katikati vina thredi 26 kwenye inchi moja, wakati baiskeli nyingine zenye thredi za Kiingereza ni 24. Kinachouzwa madukani ni cha 24, kinaingia mizunguko miwili kwa mkono halafu kinakaza, na fundi atakwambia kitaingia tu, anachukua nyundo. Msimruhusu. Cha kwangu cha kushoto, kile kinachorekebishika chenye pete ya nje, kina vishimo vitatu, ni matokeo ya kotapini zilizogongwa hewani miaka ile kabla sijawa na bomba langu. Cha kulia bado kizima, naomba msikiguse maana nacho kinafunguka kinyume kama padeli ya kushoto. Kama kuna msomaji ana Raleigh imekufa fremu, ameitupa stoo au anataka kumpa kijana wa mzani, naomba asimpe kwanza, aandike kwenye ukurasa huuhuu kwamba anacho kikombe cha kushoto cha thredi 26, mi nitakifuata hata kama ni Mahenge. Kwa sasa nimeweka goroli mpya 11 na grisi nyingi, natembea, inasaga kidogo tu nikipandisha daraja.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mkulima wa mpunga,
Lumemo, Ifakara.